Bakshishi mgahawani Marekani: unaacha kiasi gani, na kwenye bili unaiandika wapi?

MgeniWaTexas:
Wakuu, salaam. Mwezi ujao nina kozi ya wiki tatu Houston, jimbo la Texas, na posho ya chakula imepangwa kwa siku. Hapa Dar unalipa bei iliyoko kwenye menyu, VAT imo humo humo, na ukipenda unamwachia mhudumu chenji. Nasikia kule bakshishi ni kama lazima. Ni asilimia ngapi, inapigwa kwenye kiasi kipi, na ukilipa kwa kadi unaiandika wapi? Na kahawa ya kaunta nayo ina bakshishi?

Kaunta_ya_Nyuma:
Mkuu, ukikaa mezani ukahudumiwa, weka asilimia 18 hadi 20. Asilimia 15 ndiyo ya chini kabisa, na mhudumu atajua hukuridhika.

Chanzo ni mshahara. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa. Kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, na Texas inakifuata. Kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25, kwa hiyo dola 5.12 za kila saa zinategemewa zitoke kwa wateja. Zisipotimia, mwajiri anatakiwa kisheria afidie. Majimbo saba, California na Minnesota yakiwemo, hayaruhusu utaratibu huo na mhudumu hulipwa kima kamili, ingawa hata huko watu wanaacha bakshishi vile vile.

Wageni wengi hawajui kwamba mhudumu habaki nayo yote. Anawagawia wanaosafisha meza na watu wa baa, na sehemu nyingi mgao huo hupigwa kwenye mauzo yake, si kwenye bakshishi aliyopata. Tuseme mgao ni asilimia 4: meza ya dola 64 ikiondoka bila kuacha kitu, anatoa dola 2.56 kwa ajili ya meza ambayo haikumpa hata senti. Chakula kikichelewa, mara nyingi tatizo ni jikoni. Mwite meneja umweleze, usimkate aliyekuletea sahani.

Wino_na_Risiti:
Naongezea hesabu, maana hapo ndipo watu hupotea. Tuchukue chakula cha dola 64. Kodi ya mauzo Houston ni asilimia 8.25, na haimo kwenye menyu. Inakuja kwenye bili: 5.28, jumla 69.28. Bakshishi piga kwenye ile 64, mstari ulioandikwa "Subtotal". Njia ya haraka: sogeza nukta upate asilimia 10, yaani 6.40, kisha zidisha kwa mbili, 12.80. Unaondoka umelipa 82.08.

Viwango ambavyo mashine au risiti inakupendekezea mara nyingi hupigwa baada ya kodi. Hapo asilimia 20 inakuwa 13.86, dola moja na senti zaidi. Ni kidogo, lakini kwa wiki tatu zinajikusanya. Kinyume chake, ukiwa na kuponi ya punguzo, piga kwenye bei ya kabla ya punguzo, kwa sababu kazi aliyoifanya ni ile ile.

Kwa kadi: mhudumu anaweka bili mezani, unampa kadi, anaenda nayo kwenye mashine na kurudi na karatasi mbili. Iliyoandikwa "Merchant Copy" ndiyo ya kujaza. Kwenye "Tip" andika 12.80, kwenye "Total" andika 82.08, weka sahihi, iache mezani. "Customer Copy" ondoka nayo, na uandike humo kiasi hicho hicho. Usiache mstari wa "Tip" wazi: kama unatoa taslimu, andika "cash" na uache noti pamoja na bili. Ujumbe wa benki utaonyesha kwanza 69.28, halafu baada ya siku moja au zaidi ubadilike kuwa 82.08. Hujaibiwa. Ikibaki namba tofauti na uliyoandika, hapo ndipo nakala yako inakuwa ushahidi.

Ukilipa taslimu, mhudumu anaweza kukuuliza kama unahitaji chenji. Kama unaihitaji, sema wazi. Ukijibu "thank you" tu, ataelewa umemwachia.

MgeniWaTexas:
Nimewaelewa vizuri sana. Kaunta je? Na siku tukienda kundi la watu wanane?

Kaunta_ya_Nyuma:
Kaunta hudaiwi. Skrini itageuzwa kwako ikiwa na asilimia tatu kubwa kubwa. Kitufe cha "No Tip" kipo, kibonyeze bila aibu. Kwenye migahawa ya vyakula vya haraka kama McDonald's haitarajiwi kabisa. Chakula cha kujichukulia mwenyewe si lazima. Baa, dola 1 hadi 2 kwa kila kinywaji. Bufee ambako mhudumu analeta vinywaji na kuondoa sahani, asilimia 10 inatosha.

Kwa posho yako: mezani, zidisha bei ya menyu kwa 1.28 (kodi pamoja na bakshishi ya asilimia 20) ndipo ujue utakacholipa kweli. Ukiwa na dola 50, chagua chakula kisichofika dola 39.

Wino_na_Risiti:
Kundi la wanane, someni bili kabla ya kuandika chochote. Migahawa mingi ikiona watu sita au wanane na zaidi huongeza yenyewe asilimia 18 au 20, na neno utakalolikuta ni "Gratuity" au "Service Charge". Mstari wa "Tip" bado utakuwepo chini yake, mtupu, na hapo wageni hulipa mara mbili. Ikishaongezwa, andika 0 na urudie jumla ile ile.

Ila bakshishi ya hiari na ada hiyo ya lazima hazina uzito sawa kisheria. Bakshishi uliyoitoa kwa hiari ni mali ya mhudumu, na tangu Machi 2018 sheria inakataza meneja kuichukua. Ada iliyoongezwa na mgahawa, iwe imeandikwa "Gratuity" au "Service Charge", ni pesa ya mwajiri, anaweza kuigawa au kubaki nayo. Muulizeni mhudumu kwa upole kama inamfikia. Akisema hapana, mpeni chake mkononi, taslimu. Na kama kila mtu analipa bili yake, semeni "separate checks" kabla ya kuagiza, si wakati bili ya pamoja imeshachapwa.