Kibali cha ujenzi Mtwara na Lindi: je, ramani isiyo na kivuli ipitishwe?

Mwanzisha mada, Ligula, Mtwara

Ndugu zangu wa Kusini, naleta hoja na naomba tubishane kwa adabu na kwa hesabu. Napendekeza Manispaa ya Mtwara-Mikindani na ile ya Lindi ziongeze sharti moja kwenye kibali cha ujenzi: ramani ionyeshe jengo litapoaje bila umeme. Mchoraji akishindwa kuonyesha kivuli kinatoka wapi na upepo unapita wapi, ramani irudi kwake, kama inavyorudi ikikosa shimo la maji taka.

Leo ramani inapita kwa watu wa mipango miji, kwa mhandisi na kwa afisa afya. Wanatazama umbali kutoka barabarani, nguzo, choo. Joto halina mwenyewe. Matokeo yake pitia viwanja vipya vya mji wowote kati ya hii miwili utazame kinachopanda: nyumba za paa la kuficha, ukuta umenyooka hadi juu, upenu hakuna hata wa shibiri moja. Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo likifunguliwa lote hupitisha hewa nusu tu. Bati nyeusi au maruni. Halafu uzio wa bloku unaopita kichwa cha mtu mrefu, uliosimama pale pale upepo ulipotaka kuingilia. Nyumba ikiisha, mwenyewe anaenda kununua kiyoyozi kwa sababu chumba hakilaliki.

Ramani nyingi kati ya hizo zimenunuliwa mtandaoni. Nimeona za Afrika Kusini, zenye vioo vikubwa upande wa kaskazini. Kule Johannesburg kioo hicho kina maana, kwa sababu majira ya baridi wanalitafuta jua. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita linatupita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, na katikati ya miezi hiyo, wakati wa joto kali, linaegemea kusini. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa vibaya kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini, na upenu hauwezi kulizuia peke yake. Jambo hili halitaki maabara, linataka mtu alifikirie kabla ya kuchimba msingi.

Sasa hesabu ya LUKU. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba huvuta kama kilowati moja kikiwa kinafanya kazi. Kwa usiku wa saa 8, kikizima na kuwaka, weka uniti 6. Mteja wa daraja dogo la TANESCO ana uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja, na zaidi ya hapo ni shilingi 350. Uniti 75 ukizigawa kwa 6, unafuu umekwisha kabla ya nusu ya mwezi, tena kwa chumba kimoja tu. Ukihamishiwa daraja linalofuata unalipa 292 kabla ya kodi kuanzia uniti ya kwanza. Huo ni ushuru wa joto ambao mwenye nyumba amejitoza mwenyewe siku aliyochagua ramani.

Miji mingine imeshaamua. New York ilipitisha sheria namba 97 mwaka 2019: majengo yanayozidi futi za mraba 25,000 yamewekewa ukomo wa hewa ukaa kuanzia 2024, na faini ni dola 268 kwa kila tani inayozidi. Hiyo siitaki hapa, shida yao kubwa ni kupasha majengo joto. Wenzetu wa kutazamwa ni wa joto na unyevunyevu. Singapore imeweka ukomo wa joto linalopenya kuta tangu 1979. India, mwaka 2018, ilitoa kanuni za nyumba za kuishi, na kwa maeneo ya joto na unyevu sehemu ya dirisha inayofunguka haitakiwi kupungua takriban moja ya sita ya eneo la sakafu. Pima chumba chako cha mita 3 kwa 4: unahitaji mita za mraba 2 zinazofunguka kweli. Dirisha la kusukuma la mita moja na nusu kwa moja na nusu linakupa kama 1.1. Rwanda nayo, hapa hapa Afrika Mashariki, iliingiza masharti ya majengo ya kijani kwenye kanuni zake za ujenzi mwaka 2019.

Kwa hiyo: upenu au kofia ya zege juu ya kila dirisha, dirisha linalofunguka moja ya sita, bati la rangi nyepesi, na matundu kwenye uzio. Karibuni.

Fundi, Chikongola

Mkubwa, nakuheshimu ila hapa unawatwisha watu mzigo. Mteja wangu anajenga kwa kudunduliza. Korosho ikiuzwa vizuri mwisho wa mwaka anapandisha kuta, mwaka unaofuata anatafuta bati. Akifika kwenye bati ananunua rangi aliyoikuta dukani kwa bei anayoimudu. Wewe unataka arudishwe manispaa kwa ajili ya rangi?

Halafu sema ukweli wote. Wengi hawana kibali kabisa. Kiwanja hakijapimwa, ramani iko kichwani kwangu. Sharti lako litamkamata yule mmoja aliyefuata sheria, na majirani zake kumi hawaguswi. Mwaka unaofuata na yeye ataacha kuomba kibali.

Na upenu mrefu una hatari yake. Wazee wa Lindi wanakikumbuka kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2019 Kenneth kilitukosa kidogo, watu wa pwani yetu walishahamishwa, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ikaja na mvua zake, barabara ya kwenda Dar ikakatika. Upepo ukiingia chini ya upenu wa futi 4 unanyanyua kenchi zote. Paa la kuficha halinyanyuki kirahisi.

Mchora ramani, Lindi mjini

Kaka fundi, kuhusu kimbunga una hoja na nisingependa ipuuzwe. Jibu lake lakini liko kwenye namna ya kujenga. Upenu wa paa kuu uwe mfupi, futi 2 hivi. Ukitaka kivuli kirefu, jenga veranda yenye paa lake, lisiloungana na la nyumba. Upepo ukiing'oa veranda, paa kubwa linabaki. Na kenchi zifungwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) kwa nondo au bamba la chuma, zisishikwe na misumari peke yake. Sharti likitaja upenu bila kutaja kufunga kenchi litaua watu, nakubaliana nawe kabisa.

Lakini paa la kuficha nalo usilisifu sana, wewe ndiye unayeitwa kuziba. Maji yakijaa kwenye mfereji wa ndani, njia yake ni darini. Na ukuta usio na upenu hulowa mvua yote ya masika, rangi inabanduka kabla ya mwaka wa pili.

Mwanzisha mada, kwenye rangi ya bati nakuunga mkono kuliko yote uliyosema. Kwa nyumba ya chini jua la mchana huingilia juu kuliko ukutani. Rangi nyeupe ikiwa mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale, karibu robo tatu. Rangi nyeusi inaimeza karibu yote, na dari la gipsamu linakuwa pasi juu ya kitanda. Mara nyingi bati la rangi nyepesi na la rangi nzito la geji ileile huuzwa bei moja. Mteja anachagua maruni kwa sababu ameiona kwa jirani, si kwa sababu ni nafuu. Hapo sharti halimgharimu mtu hata senti.

Mwenye gesti, Shangani

Mnazungumza kama nyumba zote ni za kulala familia. Mimi nina vyumba vya wageni. Mgeni akipiga simu, swali la kwanza ni "kuna AC?" Nikisema hakuna, lakini kuna upepo wa bahari, anakata simu. Wafanyakazi wa gesi na wa saruji waliotujaza mjini hawaulizi kivuli.

Na mkisema dirisha kubwa na matundu ya juu ya ukuta, mimi napoteza ubaridi wote ninaoulipia. Chumba cha AC kinatakiwa kizibwe. Mtanilazimisha nijenge chumba kinachovuja halafu nilipe umeme mara mbili? Bila kusahau mbu. Kusini malaria bado ipo, na yale matundu ya kati ya ukuta na paa ndiyo mlango wao. Na wezi je? Dirisha kubwa nani analiacha wazi usiku?

Mwanzisha mada

Mjomba wa Shangani, hoja yako ya kuziba ndiyo nzito kuliko zote hapa, na kanuni nyingi huvurugika mahali hapo hapo. Chumba cha kupozwa kwa mashine na chumba cha kupozwa kwa upepo ni viumbe viwili tofauti. Cha kwanza kifungwe kisivuje na ukuta wake upewe kivuli. Cha pili kifunguke pande mbili. Kumwekea kila mtu sharti la matundu ni kumwibia mwenye AC, na kumwekea kila mtu sharti la kuziba ni kumwua kwa joto asiye na AC. Kwa hiyo ramani itamke kila chumba ni cha aina gani, ipimwe kwa kipimo chake. Kivuli na bati jepesi vinabaki kwa wote, kwa sababu hata mashine yako itapumzika zaidi ukuta wa magharibi usipochemka.

Mbu: wavu kwenye kila uwazi, yakiwemo matundu ya juu, na uandikwe kwenye sharti lenyewe. Wavu unapunguza upepo, tena si kidogo, ndiyo maana dirisha linahitaji kuwa kubwa zaidi. Wezi: grili tunazo tayari kila nyumba. Kinachotufanya tufunge kioo usiku mara nyingi ni mbu na mvua ya kusukumwa na upepo, na kofia ya zege ndiyo inayoizuia hiyo mvua.

Kwa fundi: hoja ya wasio na kibali sina namna ya kuikwepa, ni kweli.

Mama wa Mikindani

Wanangu, mbona hamtazami nyumba zilizoko hapa kwetu? Boma la Mikindani lilijengwa 1895, limesimama mpaka leo. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ukiingia mchana unasikia ubaridi. Nani aliwapa AC? Rudini huko.

Mchora ramani, Lindi mjini

Mama, shikamoo. Nyumba hizo nazipenda na nimejifunza mengi kwazo, hasa ua wa ndani, baraza na milango inayotazamana. Ila kuna mawili. Ukuta mnene hupokea joto mchana na kulirudisha usiku, kwa hiyo unafaa sana ofisi, darasa, duka. Chumba cha kulala cha ukuta mnene kisicho na upepo wa kukatiza kinakuwa kizito saa nne usiku. Na vifaa vyake: boriti zilikuwa za mikoko, chokaa ilichomwa kwa kuni, mawe yalitoka baharini. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Tukirudia nyumba hizo kwa wingi wa watu wa leo tutamaliza mikoko, na mazingira tunayodai kuyatunza yatakuwa yamekufa. Tuchukue umbo, vifaa tuviache.

Kijana wa chuo, Mtwara

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Hewa ukaa yetu ni kitu gani mbele ya Marekani? Gesi inachimbwa hapa, Ghuba ya Mnazi, inasafishwa Madimba, na inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015. Sasa tuambiwe tubane matumizi? Kwanza sisi tupate umeme wa bei nafuu, kisha mje na kanuni.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, uchungu wa gesi ninaujua, niliuishi mwaka 2013, wakati wa vurugu za kupinga bomba, kama watu wote wa mji huu. Ndiyo maana katika sharti langu hakuna neno juu ya kukataza gesi. Mji wa Berkeley kule California ulipiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya mwaka 2019, mahakama ya rufaa ikatengua 2023. Hapa, ambapo baadhi ya nyumba zinapikia gesi ya bomba iliyotoka chini ya ghuba yetu wenyewe, kuleta marufuku ya namna hiyo ingekuwa dhuluma. Mimi sidai tuache kutumia umeme. Nadai bibi yako asiye na pesa ya LUKU alale, na mtoto wa shule asome saa nane mchana chini ya bati tupu bila kusinzia kwa joto.

Fundi, Chikongola

Hapo kwenye shule umenigusa. Basi anzeni na majengo ya serikali: madarasa, zahanati, nyumba za walimu. Pesa ni za umma, ramani zipo, mkaguzi yupo. Sisi mafundi tutajifunza mkono kwenye kazi hizo, na mteja akiona atataka na kwake. Mwenye kiwanja kidogo wa Magomeni mwacheni kwanza.

Mchora ramani, Lindi mjini

Nakubali, ila niongeze gesti, ofisi za kukodisha na nyumba za ghorofa. Anayejenga ili apangishe haumwi na joto wala halipi LUKU, anayelipa ni mpangaji ambaye hakuulizwa. Hapo sharti lina haki zaidi kuliko kwa mtu anayejijengea. Na ukaguzi ufanyike kuta zikifika kwenye lenta, wakati dirisha bado linaweza kupanuliwa na kenchi hazijapanda. Cheti cha mwisho peke yake kitakuwa karatasi.

Mwenye gesti, Shangani

Mpangaji na mgeni ni vitu viwili. Umeme wa gesti nalipa mimi. Msiniweke kapu moja na wenye apatimenti.

Mwanzisha mada

Hilo ni sawa, mjomba. Gesti yenye LUKU ya mwenye jengo ipewe kivuli na bati jepesi peke yake, mengine ajipimie. Nabadilisha pendekezo liwe hivi: mwaka wa kwanza majengo ya umma, kisha ya kupangisha, na nyumba ya kuishi mwenyewe ipewe ramani za mfano bure pale manispaa, zenye veranda na kenchi zilizofungwa, ili asiye na pesa ya mchoraji asilazimike kununua ya Johannesburg. Waliochukua kibali hivi karibuni, Mtwara au Lindi, waseme hapa: je, kuna mtu yeyote aliyewauliza kuhusu dirisha?