Mjadala: Pesa za utafiti wa macho na ubongo ziende maabara au nyumbani kwa mgonjwa?

MBONI
Wakuu, naomba tujadili hili bila kutukanana. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya ubongo. Mtoto akiwa tumboni, utando huo unachipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe, na neva inayopeleka habari zake ubongoni ina nyuzi zaidi ya milioni moja ambazo zikishakufa hazioti tena. Ndiyo maana watafiti wa ubongo na wa macho mara nyingi wanagombea mafungu yale yale, na kinachowavutia wafadhili ni mambo makubwa: tiba ya jeni, vipandikizi, kompyuta zinazosoma picha za retina.

Sasa angalieni yaliyowakuta waliowekewa Argus II, kile kipandikizi cha retina chenye elektrodi 60. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2013, watu kama 350 wakawekewa. Kampuni ya Second Sight ikaacha kukitengeneza, kisha ikaishiwa pesa. Watu wakabaki nyumbani na chombo kimepachikwa jichoni, kikiharibika hawajui wamwone nani. Nani alipanga maisha yao baada ya kutoka hospitali?

Hoja yangu: nusu ya mafungu hayo ihamie kwenye utafiti wa huduma ya nyumbani. Namna ya kuweka dawa, kufuatilia ugonjwa ukiwa kwako, kuishi na macho yaliyobaki. Mnasemaje?

MWANAMAABARA
Mboni, umechukua kifaa kimoja kilichofeli ukataka kufunga maabara zote. Kabla ya 2006 mzee aliyevujiwa damu chini ya retina alikuwa anapoteza uwezo wa kusoma ndani ya muda mfupi na hakuna wa kumrudishia. Leo anachomwa sindano jichoni na wengi wanaendelea kusoma. Sindano hiyo ilitoka maabara. Luxturna, tiba ya jeni, iliidhinishwa Desemba 2017 kwa wenye hitilafu ya jeni ya RPE65, na watoto waliokuwa hawawezi kutembea kwenye mwanga hafifu wakatembea. Huduma ya nyumbani ingewafundisha kushika fimbo, basi.

Na mkitaka kuleta glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho unaoua neva ya kuona, dawa zipo miaka mingi. Wanaopofuka wengi ni wale wasioweka matone. Huo si upungufu wa utafiti, ni uzembe.

ZAMU YA USIKU
Uzembe?

Nauguza mama yangu mwenye glakoma. Njoo nikuonyeshe uzembe ulivyo. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, chupa ni ndogo na ngumu kuminya. Anaegemeza kichwa nyuma, mkono unatetemeka, tone la kwanza linaanguka shavuni. La pili anafumba kope kabla halijafika. La tatu linaingia pamoja na la nne. Chupa ya mwezi inakwisha kabla ya mwezi kwisha, ukirudi kuomba nyingine unaambiwa bado siku hazijafika. Hizo siku zinazobaki anakaa bila dawa, halafu kwenye faili anaandikwa "hafuati matibabu".

Wewe uliyekaa na darubini umewahi kuweka tone kwenye jicho la mtu mwingine hata siku moja?

MWANAMAABARA
Dada, sikumtaja mama yako. Nimezungumzia hali ya jumla. Na sikai na darubini, nafanya kazi na seli za neva za retina, ambazo ndizo zinazokufa kwa mama yako wakati tunabishana hapa.

KIBATARI
"Ambazo ndizo zinazokufa kwa mama yako." Ndugu, hivyo ndivyo mnavyoongea na wagonjwa? Mtu ana cheti lakini ulimi hana wa kuushika.

MWANAMAABARA
Nimesema ukweli wa ugonjwa. Ukitaka maneno matamu nenda kwa washairi.

KIBATARI
Washairi wanajua kuamkia kabla ya kutoa taarifa ya msiba.

Halafu umesema "wengi". Wangapi? Mimi nakumbuka ule utafiti wa Uingereza, walichukua wagonjwa wapya wa glakoma, wengine wakapewa matone, wengine wakapigwa leza kwanza. Kama robo tatu ya waliopigwa leza walikaa miaka bila dawa. Kama njia hiyo ipo, kwa nini tunamlaumu bibi anayetetemeka mkono?

NESI MSTAAFU
Habari zenu wanangu. Kibatari anazungumzia utafiti wa LiGHT, ulichapishwa kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2019. Baada ya miaka mitatu, wagonjwa 74 katika kila 100 walioanzishiwa leza walikuwa kwenye presha inayotakiwa bila tone hata moja. Mwaka 2022 mwongozo wa Uingereza ukabadilishwa, leza ikawa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wapya wengi. Haimfai kila mtu, na kwa wengine nguvu yake hupungua ikabidi irudiwe. Lakini inamwondolea mgonjwa mzigo wa kukumbuka.

Kwa Zamu ya Usiku, mwanangu, jaribu hivi. Mama alale chali kabisa, asiegemee tu. Vuta kope ya chini taratibu ifanye kimfuko, dondosha tone moja humo, usilenge kati ya jicho. Afumbe bila kukaza, halafu weka kidole kwenye kona ya ndani, pale jicho linapokutana na pua, ubane kidogo kwa dakika moja au mbili. Usipobana, dawa inashuka puani na kuingia kwenye damu. Kama ni timololi hilo si jambo dogo: inaweza kupunguza mapigo ya moyo, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Kama ana dawa ya pili, subiri dakika tano.

ZAMU YA USIKU
Shikamoo mama. Hiyo ya kubana kona ya jicho ndiyo kwanza naisikia leo. Tangu aanze dawa hakuna daktari wala muuguzi aliyenionyesha. Na mama analalamika kizunguzungu kila akishawekewa matone ya jioni.

NESI MSTAAFU
Marahaba. Hicho kizunguzungu kamweleze aliyempa dawa, usingoje tarehe ya kliniki. Ampime mapigo. Usiiache dawa kwa uamuzi wako.

PANGA PANGUA
Basi hapo ndipo penye kidonda. Madaktari wa macho wanakuandikia karatasi dakika tatu, "weka tone moja asubuhi na jioni", mwingine aingie. Mimi baba yangu aliweka dawa ya masikio jichoni kwa sababu chupa zinafanana.

MWANAMAABARA
Na hilo nalo ni kosa la maabara?

PANGA PANGUA
Nimesema madaktari. Soma.

KIBATARI
Tena chupa zenyewe wangetengeneza zenye rangi tofauti na herufi kubwa. Unampa mtu asiyeona maandishi ya ukubwa wa mguu wa sisimizi.

MWANAMAABARA
Vifuniko vina rangi kulingana na aina ya dawa nchi nyingi tu. Mnalalamikia jambo ambalo lilishafanyiwa kazi.

PANGA PANGUA
Baba yangu haoni rangi vizuri. Utasema nini sasa?

MJUKUU
Samahani wakubwa, naomba kuuliza jambo la pembeni kidogo. Babu yangu ana glakoma, jicho moja limekwisha, la pili linaona kwa mbali. Siku hizi anasema anaona watoto wamekaa mstari mmoja kando ya ukuta, wamevaa nguo safi, kimya, hawamsemeshi. Wakati mwingine ukuta wote unajaa maua yanayosogea. Nyumbani tumegawanyika. Shangazi anasema amepandwa na kitu, baba anasema ni akili inaondoka. Hesabu zake za pesa bado anazipiga kichwani bila kukosea. Je, ni demensia?

PANGA PANGUA
Pole sana. Kwa jinsi ulivyoeleza mimi ningempeleka kwanza akaombewe, halafu hospitali.

KIBATARI
Jamani! Tuko kwenye mada ya utafiti.

PANGA PANGUA
Kuombewa kunamkataza nani kwenda hospitali?

MBONI
Mjukuu, tulia, usimkatie babu hukumu. Hali hiyo inafahamika, inaitwa ugonjwa wa Charles Bonnet. Macho yakipunguza kuleta picha, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona haikai kimya, inajitengenezea zake: nyuso, watu wadogo, mapambo ya ukutani, majengo. Mara nyingi hayana sauti, kama ulivyosema. Bonnet, mwanasayansi wa Geneva, aliandika habari hizo mwaka 1760 kuhusu babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa amepungukiwa na macho akawa anaona watu, ndege na magari ya farasi ambayo hayapo, huku akili yake ikiwa timamu.

Muulizeni kwa upole kama anajua kwamba hao watoto hawapo. Mwenye hali hii kwa kawaida anajua. Wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kuitwa vichaa.

MWANAMAABARA
Sasa naomba niseme kitu, na msinirukie. Hayo aliyoeleza Mboni yalithibitishwa na sayansi ya ubongo. Mwaka 1998 watafiti wa London waliwaweka watu wa namna hiyo kwenye mashine ya kupiga picha ubongo unavyofanya kazi. Aliyekuwa anaona rangi, sehemu ya rangi ndiyo iliyowaka. Aliyeona nyuso, sehemu ya nyuso. Kwa hiyo babu si mwongo wala hajapandwa na chochote, na tunaweza kusema hivyo mbele ya shangazi kwa sababu ya mashine ambayo Mboni anataka kuinyima nusu ya pesa.

ZAMU YA USIKU
Na kabla ya mashine? 1760 kulikuwa na mashine gani? Kulikuwa na mjukuu aliyekaa na babu yake, akamsikiliza, akaandika alichoambiwa. Ugonjwa mzima umeanzia nyumbani kwa mtu. Watu wangapi wamefungiwa vyumbani au kupewa dawa za vichaa kwa sababu anayekaa nao hakuwahi kuambiwa kwamba jambo hilo lipo? Picha ya ubongo ya 1998 haijafika kwa shangazi yake Mjukuu mpaka leo.

MWANAMAABARA
Kusambaza elimu si utafiti. Tofautisheni.

ZAMU YA USIKU
Kujua ni njia ipi ya kusambaza inafika na ipi haifiki ni utafiti. Unakataa kwa sababu haufanywi na mtu mwenye koti jeupe.

KIBATARI
Na ile ya mtoto wa jicho? Wazee wakifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho demensia inapungua. Kuona vizuri kunaulinda ubongo. Hapo huhitaji jeni.

MWANAMAABARA
Haikusemwa "inapungua". Waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 wa Marekani, waliofanyiwa operesheni wakaonekana na hatari ndogo kwa kama asilimia 30. Lakini hawakupangwa kwa bahati nasibu. Anayeweza kufika chumba cha upasuaji huenda tangu mwanzo ana afya kuliko asiyeweza.

NESI MSTAAFU
Ndiyo maana waliangalia pia waliopasuliwa kwa glakoma, ambao nao walifika chumba cha upasuaji. Hao hawakupata nafuu hiyo, kwa kuwa upasuaji wa glakoma haurudishi uoni, unazuia tu usiendelee kupotea. Hilo halimalizi ubishi wako, mwanangu, lakini linaupunguza. Na mwaka 2024 jopo la Lancet kuhusu demensia liliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa kwenye orodha ya vihatarishi 14 vinavyoweza kushughulikiwa.

MWANAMAABARA
Sawa, nami niseme la kwangu kabla sijaondoka. Mkitaka utafiti wa nyumbani upewe mafungu, ukubali masharti tunayowekewa sisi. Mgao wa bahati nasibu, kundi la kulinganisha, matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Imeshawahi kufanyika: kile kifaa cha kujipimia nyumbani kila siku kwa wenye hatari ya kuvuja damu chini ya retina kilijaribiwa hivyo, waliokuwa nacho waligunduliwa mapema wakiwa na uoni mzuri zaidi, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilionekana wazi. Huo nauunga mkono. Ila hadithi za jikoni sizihesabu.

ZAMU YA USIKU
Masharti nayakubali yote. Ila mtakapopanga cha kupima, mlezi awepo mezani. Mkituachia nyinyi mtapima presha ya jicho kliniki peke yake. Pimeni tone la ngapi ndilo linaloingia. Pimeni chupa inadumu siku ngapi kwa mwenye vidole kama vya mama.

MWANAMAABARA
Hayo yanapimika. Lakini wazembe nao wapo, siwezi kulifuta hilo.

PANGA PANGUA
Na madaktari wa dakika tatu wapo pia. Mbona hao huwataji?

MJUKUU
Tumemuuliza. Anajua kabisa hawapo. Anasema akiwasha taa wanaondoka. Sasa tuanze na daktari wa macho au wa ubongo?

NESI MSTAAFU
Anzeni na wa macho, na nendeni na dawa zote anazotumia, za macho na za kumeza, maana zipo zinazoleta maruweruwe. Wakipata nafasi apimwe na mkojo, maambukizi kwa wazee huvuruga akili. Wa ubongo mtamhitaji mapema ikiwa ataanza kuamini kwamba hao watoto wapo kweli, au wakianza kumsemesha, au mkiona mwendo unakakamaa na akili inakuja na kuondoka. Kwa sasa usiku taa ndogo iachwe inawaka. Watoto wakija ageuze macho kulia na kushoto mara kadhaa, kwa wengine inasaidia.

PANGA PANGUA
Nesi, na mtu akishaweka dawa ya masikio jichoni anaosha kwa maji ya kawaida?

NESI MSTAAFU
Aoshe hapo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi, kisha aende hospitali na ile chupa mkononi.