Mistari yatanuka penye Kiarabu, naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, nachapa utafiti wa chuo kwa Microsoft Word. Nafasi baina ya mistari inatakiwa iwe 1.5, nami nimeiweka hivyo waraka mzima. Lakini kila mstari wenye maneno ya Kiarabu hutanuka peke yake, ukurasa ukawa kama kinywa chenye mapengo. Nimejaribu "Exactly", yaani nafasi ya mstari isiyobadilika, pointi 20: mistari ikalingana, ila alama za juu, fat-ha na shadda, zikakatwa vichwa. Kwa Qurani hilo halifai kabisa.

Kiswahili ni herufi za 12, Kiarabu 18. Kukipunguza sitaki, hakisomeki. Je, ipo fonti ya Kiarabu isiyosukuma mistari? Au niongeze pointi za "Exactly" hadi ngapi? Ahsanteni.