Naomba ushauri: kusafirisha picha za rangi ya mafuta hadi Lubumbashi

Jambo wandugu wachoraji. Mimi mtoto wa Lubumbashi, naishi Ubelgiji, na nataka kuonyesha kazi zangu nyumbani. Huku jua ni haba, nikazoea kupaka rangi ya mafuta nene kwa kisu cha kupakia rangi, hasa nikichora ule udongo mwekundu wa kwetu. (Mzee Mwenze Kibwanga, mchoraji wa zamani wa Lubumbashi, alijenga picha kwa vimistari vifupi, mimi nimeshika njia nyingine.)

Nimejaribu kuviringisha turubai moja, upande wa rangi ukiwa nje: palipo pembamba pako salama, matuta ya rangi nene ya udongo yamepasuka. Kuzituma zikiwa kwenye fremu ni bei kali.

Nani amewahi kuzisafirisha bila kuviringisha, na kwa njia gani? Tena, hapo mjini nitapata fundi wa fremu mwenye mbao kavu, zisizopinda mvua za Novemba zikianza?