Siku 10 Japani mwezi Novemba na mama mwenye goti bovu: ratiba hii inawezekana?

Mwana_Magomeni

Wakuu habari zenu. Tunatarajia kuruka kutoka Dar tarehe 17 Novemba, watu watatu: mimi, mke wangu na mama (miaka 66, tambarare anatembea bila shida, kesi ni ngazi). Tunakwenda kwa ajili ya mahekalu, bustani na mlima Fuji. Maduka na michezo ya kompyuta havituhusu.

Rasimu yangu: Tokyo siku 2, Fuji siku 1, Kyoto siku 2, Nara 1, Hiroshima 1, Hokkaido 2, kisha kurudi Tokyo kupanda ndege.

Naomba kujua: ile pasi ya treni ya siku 7 bado inalipa? Mama aende wapi na wapi asijaribu kabisa? Sisi ni Waislamu, chakula na swala vipi? Na watu wa huku huwa tunakwama wapi? Mwenye kujua anipe kwa namba tafadhali, maneno ya "utaenjoy sana" nimeshayasoma ya kutosha.

Reli_na_Ramani

Mkuu, Hokkaido futa leo hii. Majani mekundu ya kule kilele chake ni Oktoba, mwishoni mwa Novemba utakuta miti mitupu na theluji inaanza. Kwa treni Tokyo hadi Sapporo ni karibu saa nane. Hiroshima nayo iweke pembeni: kutoka Kyoto ni kama saa 1 na dakika 40 kwenda tu, na ukienda utataka kisiwa cha Miyajima, ambako lile lango jekundu linaonekana kuelea maji yakijaa tu. Siku moja ya kwenda na kurudi na mzee ni mateso.

Sasa pasi. Oktoba 2023 ile ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa treni ya kasi, yaani shinkansen, ni karibu yen 14,000 kwenda, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 28,000. Hata ukienda na kurudi Hiroshima kutoka Tokyo hufikishi 50,000. Nunua tiketi moja moja. Pasi hiyo pia haikupandishi Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kwenye njia hiyo, mpaka uongeze hela.

Kuokoa pesa kwa kweli kuko kwenye ndege. Emirates na Qatar Airways zinatua Tokyo na Osaka zote mbili, kwa hiyo kata tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka (uwanja wa Kansai). Kutoka Kyoto mpaka uwanja huo kuna treni ya moja kwa moja iitwayo Haruka, kama saa moja na robo. Hapo umefuta safari nzima ya kurudi Tokyo kwa watu watatu.

Mpangilio ambao ningeupigania: usiku 3 Tokyo, usiku 1 Kawaguchiko chini ya Fuji, usiku 5 Kyoto, na Nara mnaifanya siku moja mkitokea Kyoto. Angalizo: tarehe 23 Novemba ni sikukuu ya taifa kwao na Kyoto ndiyo iko kwenye kilele cha majani. Hoteli za juma hilo zinakwisha miezi kabla, bei inapaa. Anza na Kyoto kabla ya kukata chumba popote pengine.

Fuji ulale hapohapo, usifanye ya kutwa. Mlima una mita 3,776 lakini mawingu huuficha, na asubuhi na mapema ndiyo nafasi nzuri ya kuuona. Anayetoka Tokyo asubuhi anafika karibu saa nne au saa tano, wakati mwingine pazia limeshafungwa. Basi kutoka Shinjuku, mtaa wa Tokyo, hadi Kawaguchiko huchukua kama saa mbili, kata viti mapema. Kupanda mlima msahau, msimu wake ni Julai hadi mwanzoni mwa Septemba.

Kutoka Kawaguchiko msirudi Tokyo. Kuna basi la kwenda stesheni ya Mishima, pale mnaingia shinkansen ya kuelekea Kyoto. Nozomi hazisimami Mishima, na Kodama husimama kila stesheni mpaka uchoke, kwa hiyo tafuta Hikari inayosimama hapo. Viti: A, B, C viko upande wa bahari, D na E upande wa mlima. Watu watatu hushawishika kuchukua A-B-C ili wakae pamoja, halafu Fuji inapita upande wa pili dakika chache tu baada ya Mishima. Mama mpe E.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloharibia wengi: jua. Huku kwetu tumezoea giza la saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mwishoni mwa Novemba Tokyo jua linazama 16:30, Kyoto 16:50 hivi. Mahekalu mengi yanafunga 17:00 na dirisha la tiketi linafungwa nusu saa kabla, mengine saa nzima. Ukiamka saa tatu, ukanywa chai taratibu, siku imekwisha baada ya sehemu mbili.

(Saa za Japani ziko 6 mbele ya zetu. Kwa hiyo saa unayoitaja kwa Kiswahili ukiwa Dar ndiyo namba iliyo kwenye saa ya ukutani kule. Dar saa tatu asubuhi, Tokyo mshale uko kwenye 3 mchana. Waliobaki nyumbani wakitaka kupiga simu hawahitaji hesabu.)

Bi_Msafiri_Kinondoni

Mpe mama shikamoo yake. Nijibu la goti, maana hapo ndipo watu hudanganywa na picha.

Fushimi Inari, pale kwenye malango mekundu maelfu, siyo sehemu moja. Ni njia inayozunguka mlima wa mita 233, mzunguko mzima ni kama saa mbili za ngazi. Lakini ile sehemu ya malango yaliyobanana unayoiona kwenye picha zote iko mwanzoni, miinuko yake ni midogo. Mama aende mpaka hekalu dogo linaloitwa Okusha, baada tu ya malango hayo, kisha ageuke. Ngazi za kweli zinaanzia mbele ya hapo. Hakuna kiingilio na ni wazi saa 24, hivyo fikeni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, baada ya hapo ni msongamano wa kupigana vikumbo. Stesheni ni Inari, vituo viwili kutoka Kyoto kwenye njia ya Nara. Pandeni treni ya kawaida, zile za haraka hazisimami pale na zitawapeleka mbali.

Sanjusangen-do ndiyo ningempa mama nafasi ya kwanza Kyoto. Jengo la mbao lenye urefu wa karibu mita 120, ndani sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, zimesimama safu kwa safu, na sakafu ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Lilijengwa 1164, likaungua, likajengwa tena 1266. Kupiga picha ndani ni marufuku. Kuanzia 16 Novemba wanabadili saa: 9:00 hadi 16:00 badala ya 17:00. Tovuti nyingi za wasafiri bado zinaandika ile ya zamani.

Kinkaku-ji, lile banda la dhahabu, ni njia moja ya changarawe, ngazi chache ziko karibu na kutokea. Banda lenyewe ni la 1955, la awali lilichomwa 1950. Basi za kwenda kule hujaa vibaya mno, kwa hiyo pandeni treni ya chini ya ardhi mpaka Kitaoji, kisha teksi fupi. Teksi za kule mlango wa nyuma dereva anaufungua na kuufunga mwenyewe, msiuvute.

Kiyomizu-dera ni mpando usioepukika. Linafunguliwa 6:00, na asubuhi hiyo mtaa ni mtupu, mama anaweza kupumzika kila hatua ishirini bila mtu kumsukuma. Akishafika kwenye jukwaa la mbao asishuke kwenye maporomoko chini, kupanda tena kunamsubiri. Nusu ya pili ya Novemba huwa wanafungua usiku na kuwasha taa kwenye majani, hivyo mnaweza kutenganisha: nyinyi wawili usiku, yeye abaki hotelini.

Arashiyama kwenye mianzi ni sawa kwake, mwinuko mdogo. Nara shukeni stesheni ya Kintetsu, iko karibu na bustani kuliko ile ya JR, kampuni kuu ya reli. Hekalu la Todai-ji lina Buddha wa shaba wa karibu mita 15. Paa wa pale wanazidi 1,000 na ni wezi: biskuti zao mkimaliza kuwapa waonyesheni viganja vitupu, la sivyo watakula ramani na ncha ya khanga ya mama.

Kitu ambacho hukutaja: Kawaguchiko mkichukua nyumba ya wageni ya kienyeji, mtalala kwenye godoro sakafuni na kula mmekaa chini. Kwa goti bovu kuinuka hapo alfajiri ni adhabu. Wakati wa kukata chumba andika waziwazi kwamba mnataka vitanda na meza ya viti. Na viatu vyake viwe vya kuvua bila kuinama, mahekalu mengi ya kuingia ndani mnavua. Soksi ziwe nzima!

Mzee_wa_Nyaraka

Nitaongeza ya kabla ya safari. Viza inaombwa ubalozi wao Upanga, barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Nyaraka zikikamilika huchukua kama siku tano za kazi, ila zikiwa na dosari hesabu inaanza upya. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi 3 tangu itolewe, kwa hiyo kuomba Julai kwa safari ya Novemba ni kujichelewesha kwa kuwahi. Wanataka ratiba ya siku kwa siku yenye jina la hoteli. Tarehe za ratiba, za ndege na za barua ya ruhusa kazini zisipishane hata siku moja. Kama wewe ndiye unawalipia wote, ambatisha cheti cha ndoa na cha kuzaliwa kuonyesha uhusiano.

Dawa za mama: za kuandikiwa na daktari unaruhusiwa za mwezi mmoja. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 ni marufuku, na za maumivu zenye kodeini zinaweza kuhitaji kibali kabla ya kuondoka. Acheni kwenye paketi zake. Embe na sambusa za nyama viachwe nyumbani, forodha wanazuia matunda na bidhaa za nyama.

Umeme wao ni volti 100 na soketi ni ya pini mbili bapa. Chaja iliyoandikwa 100-240V inahitaji adapta tu. Pasi ya nguo na mashine ya kunyolea ya volti 220 havitafanya kazi ipasavyo.

Pesa: usitegemee kupata yen kwenye maduka ya kubadilisha fedha ya hapa mjini. Beba dola safi, na kadi ya benki uliyoitolea taarifa kwamba unasafiri. Mashine za Seven Bank ndani ya maduka ya 7-Eleven hupokea kadi za nje. Kwa treni na basi nunueni kadi ya Suica, ya mkononi siyo ya simu, kwa sababu simu nyingi za Android zinazouzwa huku hazina mfumo wao wa malipo. Kadi hiyo inakubalika Tokyo na Kyoto, ila huwezi kuingia nayo geti la Tokyo ukatokea nayo Kyoto. Safari hiyo inataka tiketi yake.

Mwana_Magomeni

Asanteni sana, nimeshaanza kukata na kupanga upya. Bado mizigo: tuna masanduku mawili makubwa yale ya kilo 23. Na la chakula halijajibiwa.

Reli_na_Ramani

Mkuu, pima urefu, upana na kina kisha jumlisha. Ukizidi sm 160, kwenye shinkansen hiyo lazima ukate kiti chenye nafasi ya mzigo mkubwa, ambacho ni cha mstari wa mwisho. Hakuna nyongeza ukikata mapema. Usipokata wanakutoza yen 1,000. Njia bora zaidi ni kuyatuma: mapokezi ya hoteli ya Tokyo waambie neno takkyubin, jaza fomu yenye anwani ya hoteli ya Kyoto, jina la aliyekata chumba na tarehe ya kuingia. Sanduku kubwa ni kama yen 2,000 hadi 3,500, mwisho kilo 30. Tokyo kwenda Kyoto hufika kesho yake, na kwa kuwa mnalala Kawaguchiko katikati, yatawatangulia. Bakini na begi dogo la usiku mmoja. Hii inamsaidia mama kuliko kitu kingine chochote, maana lifti za stesheni zipo lakini mara nyingi kwenye mlango mmoja tu kati ya mingi, na treni ikisimama katikati ya njia inakaa dakika moja au mbili.

Ostadhi_Msafiri

Chakula: nguruwe wa wazi si tatizo, tatizo ni aliyejificha. Supu ya rameni huchemshwa kwa mifupa yake, mirin ni pombe ya kupikia inayoingia kwenye michuzi mingi, na baadhi ya sosi za soya zina pombe ndani. Hata tambi za soba za mboga huweza kuwa na mirin. Migahawa yenye cheti cha halali ipo Asakusa, mtaa wa Tokyo, na katikati ya Kyoto, lakini Kawaguchiko ni michache, kwa hiyo kata chumba chenye jiko dogo au waandikie mapema. Mchele, mayai, samaki wa kuchoma kwa chumvi na matunda vinapatikana dukani kila mahali.

Swala: viwanja vya Narita, Haneda na Kansai vina vyumba vya kuswalia. Tokyo kuna msikiti wa Yoyogi-Uehara uliojengwa kwa mtindo wa Kituruki, na wenyewe unastahili kutembelewa. Mkipata nusu siku Kyoto, Kobe ni chini ya saa moja kwa treni. Msikiti wake ni wa 1935, wa kwanza Japani, ulinusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995.

Kwa majira hayo Adhuhuri inaingia kabla ya saa sita kamili na Magharibi karibu saa kumi na moja kasoro. Mkiwa Nara mkasema mtaswali mkirudi hotelini, Alasiri itawapita. Beba mswala mwembamba, bustani kubwa zina kona tulivu na hakuna atakayewauliza.