Crown kwa barabara za Tabora: Royal Saloon laini au Athlete gumu?

Mkazi wa Cheyo

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha yangu. Kwa miaka kadhaa nimejiwekea akiba ili ninunue Toyota Crown ya kizazi cha mwaka 2003 hadi 2008, ile ambayo wengi huiita Zero Crown, na sasa nimepata magari mawili yenye injini ya lita 2.5 na bei zinazokaribiana. La kwanza ni Royal Saloon lenye rimu za inchi 16 na matairi ya 215/60. La pili ni Athlete lenye rimu za inchi 18 na matairi ya 225/45, na kwa macho hili ndilo linalonivutia zaidi.

Jambo linalonifanya nisite ni mama yangu. Ana umri wa miaka 71, mgongo unamsumbua, na kila baada ya miezi mitatu nampeleka Dodoma kwa daktari kwa kupitia Itigi na Manyoni. Gari ninalotumia sasa, ambalo ni la kampuni nyingine kabisa, ni gumu kiasi kwamba tukipita kwenye rasta, yale matuta madogo yaliyopangwa mfululizo barabarani, mama hulikamata bega langu kwa nyuma bila kusema neno, nami hujua kwamba tayari ameumia. Tukisimama Manyoni hushuka akiwa ameushika mlango kwa mikono miwili, akatulia hivyo kwa muda kabla ya kupiga hatua ya kwanza.

Rafiki yangu ananiambia kwamba gari gumu ndilo linalotulia barabarani, na kwamba gari laini hulala kwenye kona na kunesanesa mpaka abiria akatapika. Je, ana haki? Na nikichukua Athlete kisha nikabadilisha rimu tu, nitapata ulaini wa Royal Saloon?

Fundi wa Isevya

Ndugu, pole kwa mama. Rafiki yako ana haki nusu, na nusu iliyobaki imechanganya kazi za vifaa vitatu tofauti.

Springi hubeba uzito wa gari na kuamua litabonyea kiasi gani. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuuzima mwendo, ili springi ikishabonyea na kurudi isiendelee kucheza. Kifaa cha tatu ni stabilaiza, yaani ule mtaimbo unaounganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia, ambao hulizuia gari kulala kwenye kona. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na springi laini na bado likatulia, mradi shokapu ni nzima na stabilaiza ina nguvu. Gari linalonesanesa mara nyingi si laini, ni bovu.

Sasa tuje kwenye matairi, kwa sababu hapo ndipo tofauti ya magari yako mawili inapoonekana kwa hesabu. Namba ya kwanza ya tairi ni upana wake kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Kwa hiyo tairi la 215/60 lina ubavu wa milimita 129, na la 225/45 lina milimita 101 tu. Kimo kizima cha gurudumu kinakaribiana, ila kwenye Athlete chuma kimechukua nafasi ambayo kwenye Royal Saloon imejazwa upepo. Kila jiwe, kila ukingo wa shimo na kila mstari wa rasta hupokelewa kwanza na ubavu huo kabla springi haijajua lolote. Milimita 28 zinaonekana kidogo mezani, lakini ukigonga shimo usiku kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, zinaweza kuwa ndizo zinazoamua kama rimu itapinda.

Kuhusu kubadilisha rimu: ukiitoa ya inchi 18 ukaweka ya 17 yenye tairi la 215/55 utapata nafuu ya kweli, lakini hutapata Royal Saloon, kwa kuwa springi na shokapu za Athlete zitabaki na ugumu wake. Pia lazima rimu ijaribiwe kwanza, uhakikishe haigusi kalipa, kile kifaa kinachobana breki. Kwa maoni yangu, mtu asinunue gari gumu kwa nia ya kulilainisha. Ni kulipa mara mbili.

Mwalimu wa Ujiji

Ninakubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, lakini naomba niwatetee kidogo wanaopenda ugumu, kwa sababu ulaini nao una madhara yake na mimi nimeyaona kwa mwanangu.

Mwili wa binadamu hauumizwi na kila mtikisiko kwa namna moja. Mtu aliyeketi huteswa zaidi na mitikisiko ya juu na chini ya takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayoutesa mgongo. Kwa sababu hiyo springi za magari ya starehe hupangwa ili bodi ipande na kushuka polepole, karibu mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde. Kichefuchefu, kwa upande wake, huletwa na mwendo wa polepole zaidi ya huo, kama ule wa mtumbwi, na ndani ya gari mwendo huo hutokana na kona, breki na kuongeza kasi. Gari langu la awali lilikuwa laini mno na shokapu zake zilikuwa zimechoka. Kutoka hapa Kigoma kwenda Kasulu, penye milima na kona, mwanangu hakuwahi kufika bila kutapika. Nilipoweka shokapu mpya, bila kugusa springi, alitapika safari moja tu kati ya nne zilizofuata.

Wahandisi wamehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilileta gari la DS, ambalo lilitumia gesi na mafuta yenye shinikizo badala ya springi za chuma ili liwe laini bila kupoteza utulivu. Crown Majesta ya wakati wa Zero Crown, ambayo ni Crown ya kifahari zaidi, nayo ina mifuko ya upepo badala ya springi za chuma. Ni starehe ya ajabu inapokuwa nzima, lakini mfuko ukitoboka gari hulala chini, na sidhani kama ni busara kuwa nalo mbali na spea. Vilevile jihadhari na sedani zilizofungwa matairi ya kutembea bila upepo, ambayo BMW ilikuwa ikiyafunga kwenye magari yake mengi. Ubavu wake umekazwa ili ubebe gari hata tairi likitoboka, na ugumu huo abiria huusikia kila siku, si siku ya pancha peke yake.

Fundi wa Isevya

Mwalimu umesema kweli, hasa kuhusu shokapu. Naongeza neno moja: tafadhali usipunguze upepo wa matairi ili upate ulaini. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto na linaweza kupasuka. Fuata kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na usiyajaribu magari hayo ukiwa peke yako kwenye usukani. Mkalishe mama kiti cha nyuma.

Mkazi wa Cheyo

Ndugu zangu, nimefanya hivyo. Nilimchukua mama jana asubuhi, tukapita njia ileile ya kuelekea Kipalapala kwa kila gari, naye alikuwa na tasbihi yake mkononi. Katika Athlete, palipo na lami nzuri, alisema mwenyewe kwamba gari limetulia, na mimi kwenye usukani nilifurahi sana, siwezi kuficha. Lakini tulipofika kwenye tuta la kwanza aliiachia tasbihi ikaanguka mapajani, akakamata kishikio cha juu ya mlango, na hakukiachia mpaka tuliporudi nyumbani.

Katika Royal Saloon mkono haukupanda. Niliendelea kumtazama kwenye kioo, na vidole vilikuwa vikizihesabu shanga kama yuko barazani. Ila baada ya kila tuta gari lilicheza mara mbili upande wa nyuma kushoto, na nilipoinama nikaiona shokapu ya upande huo ikivuja mafuta. Muuzaji amekubali kuitoa gharama ya shokapu mbili za nyuma kwenye bei ya gari. Fundi, ukiwa na nafasi nitalileta gereji Jumamosi, uzitazame bushi pia, ile mipira ya kwenye viungo, kabla sijamalizia malipo.