Nyumba moja, majina matatu: kaka hataki kuuza wala kununua, tufanyeje?

Kitinda Mimba:
Wakuu, habari za mchana. Naomba ushauri wa kisheria, ila tafadhali msiniambie "kaeni kikao". Tumekaa vinne, na cha mwisho kiliishia mtu kurusha kikombe.

Tuko watatu: kaka, dada na mimi. Mama alipofariki mirathi ilifunguliwa, ikafungwa salama, hati ikatoka kwa majina yetu yote. Kaka anaishi humo na familia yake, huu mwaka wa saba. Mimi na dada tunataka nyumba iuzwe tugawane. Kaka hataki. Tukamwambia basi anunue hisa zetu, anasema hana hela. Alipe pango basi, anasema mtu halipi pango kwa mama yake. Kodi ya jengo nalipa mimi kila mwaka, risiti zote ninazo kwenye faili la plastiki.

Naweza kuuza theluthi yangu bila yeye kusaini? Na mahakama inaweza kumlazimisha? Nawasilisha.

Jogoo la Shamba:
Kaeni kikao cha tano, safari hii vikombe viwe vya plastiki kama hilo faili.

Karani Mstaafu:
Pole, dada. Kabla ya yote toa hati uisome. Mnamiliki kwa pamoja au kwa hisa? Katika kuishi tu huoni tofauti, tofauti kubwa huja mmoja akifa au akitaka kuuza. Kwa pamoja hakuna fungu la mtu: anayefariki, sehemu yake inahamia kwa waliobaki, watoto wake hawaipati hata kama aliandika wosia. Kwa hisa, kila mtu ana fungu lake. Anaweza kuliuza, kuliweka rehani au kulirithisha. Ukikuta hati iko kimya usikisie, omba upekuzi wa kumbukumbu kwa msajili wa hati.

Kitinda Mimba:
Nimeisoma. Imeandikwa "kwa hisa zilizo sawa". Miaka saba naipiga hati hii picha kwenye simu na sikuwahi kuuona mstari huo.

Karani Mstaafu:
Basi theluthi yako unaweza kuiuza. Ila baadhi ya sheria zitakutaka kwanza upate ridhaa ya wenzako au uwape nafasi ya kuinunua, kwa hiyo uliza wakili wa hapo ulipo. Lakini jiulize nani ataitaka. Mnunuzi hapewi sebule wala chumba, anapewa theluthi ya kila tofali, na kaka yako akiwa bado ndani. Wanaonunua hisa za aina hii wengi wanajua njia ya mahakamani na bei yao ni ya kutupa. Mimi ningeliacha hilo mpaka mengine yote yashindikane.

Kulazimisha, ndiyo, inawezekana. Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804 iliweka wazi, kifungu cha 815, kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kubaki kwenye mali isiyogawanywa. Uingereza walianza na sheria za 1539 na 1540: mmiliki mwenza akidai, mali inakatwa. Tatizo, mahakama ilijua kukata tu. Mwaka 1803 kuna mtu alilalamika kwamba nyumba imegawanywa, mwenzake kapewa mabomba yote ya moshi, meko zote na ngazi pekee iliyokuwapo. Jaji hakumkubalia! Mpaka 1868 ndipo mahakama zao zikapewa uwezo wa kuamuru mali iuzwe, watu wagawane fedha. Nchi nyingi zilizorithi sheria hizo zina njia zote mbili: kugawa kama inagawika, kuuza kama haigawiki.

Mzee wa Bikoni:
Mimi ni mpimaji. Kiwanja kinaweza kukatwa? Mgawanyo hukwama penye mambo matatu: ukubwa wa chini unaoruhusiwa na mipango miji, njia ya kuingilia kila kipande, na maji taka. Hili la mwisho watu hulisahau. Niliwahi kuwapimia ndugu wawili, mstari kwenye ramani umenyooka kabisa, wote wakasaini. Tulipozika bikoni ya mwisho, yaani jiwe la mpaka, ndipo mke wa mmoja akauliza shimo la choo liko upande gani. Lilikuwa upande wa shemeji yake, hatua mbili ng'ambo ya mpaka, na bomba linapita chini ya jiko lake. Ilibidi turudi mezani.

Vipande vikitofautiana thamani si tatizo, aliyepata kinono humlipa mwenzake tofauti.

Kitinda Mimba:
Kwetu hakuna pa kukata. Nyumba iko katikati ya kiwanja, mlango wa mbele ni mmoja.

Mkaa Nyumbani:
Nami nimsemee kaka yako, maana nilikuwa yeye. Dada yangu alinishtaki. Nilidhani nitatoka mikono mitupu, kumbe kabla ya kugawa kuna hesabu. Chukulia nyumba imeuzwa 90. Bila hesabu kila mtu 30. Kama kaka alitumia 6 kuezeka upya na thamani ikapanda kwa kiasi hicho, mahakama inaweza kuzitoa kwanza hizo 6. Zinabaki 84, kila mmoja 28, yeye anaondoka na 34. Kodi ya jengo uliyomlipia nayo inaingia kwenye hesabu, upande wako.

Kuhusu pango, usilitegemee sana. Mahakama nyingi hazimtozi mwenza kwa kukaa tu kwenye mali ambayo ni yake pia. Humtoza akiwafungia wenzake nje. Aliwahi kukuzuia kuingia?

Kitinda Mimba:
Desemba. Nilifika usiku na begi langu, ufunguo ukagoma kuingia, nikadhani nimekosea mlango. Wifi alikuwa amebadilisha kitasa. Nilifunguliwa, ila ufunguo mpya sikupewa mpaka leo.

Mkaa Nyumbani:
Andika tarehe, na uombe ufunguo kwa maandishi. Akikataa kwa maandishi, hapo una hoja.

Karani Mstaafu:
Usianze na kesi, anza na barua ya wakili. Pendekeza mthamini mmoja mnayemkubali wote, maana mkileta wawili mtagombania tarakimu mwaka mzima. Bei ikijulikana, kaka apewe muda, tuseme siku 60, achague. Anunue kwa bei hiyo, hata kwa awamu, mradi deni lisajiliwe kwenye hati kama rehani, si ahadi ya mdomo. Au ninyi wawili mmnunue yeye. Au asaini mauzo ya hiari. Akikataa yote, hapo ndipo mnaomba amri ya kuuza, na barua hiyo itawasaidia mbele ya jaji. Yeye pia aelezwe kwamba mnada wa mahakama mara nyingi huleta bei ya chini kuliko mnunuzi mliyemtafuta wenyewe, na gharama za kesi huweza kukatwa humo humo.

Jogoo la Shamba:
Kumnunua kaka! Hilo hamkulifikiria, eti?

Kitinda Mimba:
Hatukulifikiria kabisa. Dada anaulizia mkopo, mimi nimemwona wakili na barua imetoka. Mthamini ni Alhamisi. Nimemwandikia kaka kumwarifu, nikitegemea matusi. Amejibu mstari mmoja: "Aje, na paa aliangalie vizuri, risiti za mabati ninazo."